Ute wa mayai uliokataa kusimama: kisa cha bakuli la udongo lenye maua

Kisa hiki kilitokea Nairobi, katika jiko la nyumba ya kupanga. Jina la mwokaji, mtaa wake, soko alikonunua na alama ya mfinyanzi vimeondolewa. Vipimo vimeachwa jinsi vilivyokuwa.

## Chombo chenyewe

Mwokaji huoka nyumbani kwa maagizo: keki tatu au nne kwa wiki, mikate ya maziwa mwisho wa wiki, na skonzi za maziwa lala mteja akiomba. Mwezi wa tatu alinunua bakuli la udongo kwenye soko la kazi za mikono. Upana mdomoni ni sentimita 30, kina 13, ukuta mnene wa sentimita moja na kidogo, na linajaa lita nne na nusu. Ni udongo mwekundu uliopakwa uji wa udongo mweupe, ukachorwa maua ya buluu na ya rangi ya chungwa ndani na nje, kisha ukafunikwa glezi angavu, yaani ule utandu wa kioo unaoyeyukia juu ya chombo tanurini. Kitako kiliachwa bila glezi, pete ya udongo mtupu yenye upana wa kidole.

Alilipenda kwa urembo, lakini hata kikazi halikuwa chaguo baya. Bakuli zito halitembei mezani ukikoroga siagi na sukari kwa mwiko, na ukuta mnene ukishapata joto haulipotezi upesi, jambo linaloufaa unga wa hamira.

Tatizo la udongo wa aina hii ni kwamba huchomwa kwa joto la kati ya digrii 1,000 na 1,150 hivi. Hapo chembe hushikana bila kuyeyuka na kuzibana, kwa hiyo chombo hutoka tanurini kikiwa bado kinakunywa maji. Ndiyo sababu mtungi hupoza maji ya kunywa: yanapenya ukuta, yanakauka nje, yanaondoka na joto. Fadhila ya mtungi ni kasoro kwa bakuli la siagi, na kinachosimama kati ya siagi na udongo ni glezi peke yake, utandu usiozidi unene wa ukucha.

## Miezi ya kwanza

Wiki ya pili ilitokea mistari ya kijivu ndani ya bakuli. Mwokaji alidhani ni nyufa. Hazikuwa nyufa. Vipigio vya chuma vya mashine ya mkono vinapogusa glezi huacha chuma kidogo juu yake, kama penseli juu ya karatasi. Alama hizo hutoka kwa magadi ya kupikia yaliyolowanishwa yakawa uji mzito, ukisugua kwa kitambaa. Yeye alitumia waya ya kusugulia sufuria. Mistari ilififia, lakini mng'ao wa glezi sehemu ya chini nao ulififia, na palipokwaruzika palianza kushika uchafu upesi zaidi.

Kosa la pili lilikuwa la kila siku, na kwa hiyo halikuonekana kuwa kosa. Baada ya kuoka usiku, bakuli lililala ndani ya karai la maji ya sabuni hadi asubuhi. Maji yaliingia kupitia kitako kisicho na glezi, taratibu, usiku baada ya usiku.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake. Jikoni mle kipimajoto kilisoma digrii 17 saa kumi na mbili asubuhi, na mkate ukaanza kuchelewa kuumuka. Hapa mwokaji alikuwa na hoja. Bakuli la kilo 2.6 likiwa na digrii 17, ukilitilia donge la kilo 1.6 lenye digrii 27, litalinyonya joto mpaka vyote viwili vikutane karibu na digrii 24. Digrii tatu zilizopotea zinaweza kuongeza nusu saa au zaidi kwenye kuumuka. Hivyo alianza kulipasha bakuli kwanza, wazo sahihi kabisa, ila alilipasha kwa kumimina maji ya birika yaliyotoka kuchemka ndani ya chombo kilichokuwa kwenye sakafu ya saruji.

Wiki ya tatu ya kufanya hivyo, baada ya kukoroga mchanganyiko wa kakao, aliona mistari myembamba ya kahawia imetandaa ndani kama utando wa buibui. Hii sasa ndiyo ilikuwa nyufa. Aliipitisha kidole, hakuhisi kitu, akaendelea na kazi.

## Keki zinaanza kulala

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa keki ya sponji inayotegemea ute wa mayai ilianguka. Ute sita, dakika kumi za mashine, na kilichopatikana ni povu legevu lenye maji chini. Wiki hiyo hiyo ilitokea tena.

Maamuzi yaliyofuata yanaeleweka, na yaligharimu. Kwanza alibadilisha muuza mayai. Halafu akaongeza kirimu ya tata (cream of tartar, unga mweupe wenye asidi), robo kijiko cha chai kwa kila ute mbili, ambayo husaidia povu lakini haiwezi kushinda mafuta. Halafu akanunua mashine mpya yenye nguvu zaidi, kwa pesa za karibu keki mbili kubwa. Keki moja ilisimama, mbili zikalala. Ile iliyosimama ilimpotosha kuliko zilizolala, kwa sababu siku hiyo alitumia mayai ya muuzaji mpya na mashine mpya kwa pamoja, na hakumbuki ute aliupigia chombo gani.

Mwezi wa kumi mteja mmoja alisema keki ina harufu ya mafuta ya zamani. Mwokaji alinusa siagi, unga, karatasi ya oveni. Bakuli hakulinusa, kwa kuwa likiwa baridi halikunuka.

## Jaribio lililotenga chanzo

Mtu aliyeombwa ushauri alipendekeza asibadilishe kitu tena mpaka kila kimoja kijaribiwe peke yake. Ute wa mayai 12 ulichanganywa polepole kwa uma, ukachujwa, ukagawanywa mafungu matatu ya gramu 120 kila moja. Mayai yale yale, mashine ile ile, kasi ile ile, vipigio vikioshwa na kufutwa kwa siki kabla ya kila fungu.

Fungu la kwanza lilipigwa kwenye bakuli la chuma kisichoshika kutu: dakika nne, ute umesimama. La pili lilipigwa kwenye bakuli la maua lililopashwa kwa maji ya vuguvugu, kama ilivyokuwa desturi: dakika tisa, povu la sabuni. La tatu lilipigwa kwenye bakuli lile lile likiwa baridi na limefutwa kwa siki: dakika sita, ute ukasimama kwa unyonge.

Fungu la tatu ndilo lililosema zaidi. Kama mafuta yangekuwa juu ya glezi tu, siki na kitambaa vingemaliza shughuli. Kama tatizo lingekuwa mayai, mafungu yote yangelala. Kilichobaki ni mafuta yaliyo ndani ya ukuta, yanayotoka kupitia nyufa bakuli likipata joto. Ute wa yai husimama kwa sababu protini zake hujipanga kuzunguka viputo vya hewa na kushikana. Mafuta hung'ang'ania nafasi ile ile kwenye uso wa kiputo, na kiasi kidogo sana kinatosha kuvunja mshikamano.

Vipimo viwili vilithibitisha. Rangi ya chakula ya buluu ilipakwa ndani na nje, ikaachwa dakika kumi, ikafutwa kwa kitambaa kibichi. Ndani mistari ilionekana kila milimita tano hivi, nje kila sentimita mbili. Kisha bakuli likakaushwa juani siku tatu, likapimwa: gramu 2,610. Likazamishwa kwenye maji usiku kucha, likafutwa, likapimwa tena: gramu 2,842. Gramu 232 za maji, karibu asilimia 9 ya uzito wake, ndani ya chombo ambacho mwenyewe alidhani kimezibwa.

Mizani ya jikoni inayopima hadi kilo tano inatosha kwa kazi hii. Ni kipimo bora kuliko jicho, kwani glezi inaweza kung'aa vizuri na bado ukuta ukawa sponji.

## Kwa mfinyanzi

Bakuli lilirudishwa kwa aliyelifinyanga, si kwa ugomvi. Jibu lake la kwanza lilikuwa la kutarajiwa: "Mama, umelimwagia maji ya moto, hapo hata mimi singelinusuru." Lakini alikuwa bado na mabakuli mawili ya tanuri lile lile, hayajawahi kuuzwa wala kutiwa kitu. Rangi ya chakula ilipopakwa, moja lilitoka safi. La pili lilionyesha mistari mitatu mirefu, ingawa lilikaa rafuni miezi saba tu.

Hapo mjadala ulibadilika. Glezi na udongo hupoa pamoja tanurini, na kila kimoja hunywea kwa kiasi chake. Glezi ikinywea zaidi ya udongo, hubaki imevutwa kama ngozi ya ngoma, na siku moja hupasuka. Udongo uliochomwa kidogo huongeza shida: hufyonza unyevu wa hewa na wa maji kwa miezi, ukavimba kidogo sana, na glezi isiyoweza kunyooka ikavutwa zaidi. Nyufa za aina hii huja zenyewe, kwa kuchelewa, hata rafuni. Maji ya birika yaliharakisha na kuzidisha, kama nyufa za ndani zilizosongamana zinavyoonyesha, lakini hayakuwa chanzo peke yake.

Mfinyanzi alieleza kwamba alichoma mara ya kwanza kwa digrii 1,000 na mara ya pili, ya glezi, kwa 1,060. Huo ni mpango wa wengi, kwa sababu udongo wenye vinyweleo vingi hunywa glezi vizuri na hupakika kwa urahisi. Kwa chombo cha mapambo hauna ubaya. Kwa chombo cha chakula ni afadhali kuugeuza: uchomaji wa kwanza ndio uwe mkali, wa pili uwe wa kuyeyusha glezi tu.

Pia alikuwa akipima uimara wa glezi kwa kuchemsha kipande ndani ya maji kisha kukitumbukiza kwenye maji baridi. Hapa jiji lenyewe linamsaliti: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa digrii 94 hivi badala ya 100. Kipande kinachopita Nairobi kimepita mtihani mwepesi kuliko kinachopita Mombasa. Kipimo kikali zaidi ni kukipasha kipande kwenye oveni hadi digrii 120, kukitia maji ya bomba, kupaka rangi, na kama hakina ufa kurudia kwa 130, 140, na kuendelea.

## Maua ya rangi ya chungwa

Swali la harufu lilileta lingine zito zaidi. Buluu ya kwenye vyombo kwa kawaida hutoka kwa kobalti. Rangi ya chungwa na nyekundu kali mara nyingi hutokana na kadimi, metali yenye sumu, na glezi angavu za joto la chini kwa karne nyingi ziliyeyushwa kwa madini ya risasi. Mfinyanzi alinunua glezi yake kwa kilo, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki usio na maandishi. Hakuwa na la kuficha, wala la kuthibitisha.

Kipande cha ndimu kilifungwa juu ya ua moja usiku kucha. Asubuhi ua lilikuwa limepauka na kupoteza mng'ao, mengine yako vilevile. Jaribio hili lina upande mmoja tu wa kuaminika: rangi ikibadilika, asidi inaila glezi na chombo hakifai chakula. Isipobadilika, hujajua lolote kuhusu risasi, maana inaweza kutoka bila macho kuona. Jibu kamili hutoka maabara kama ile ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, Barabara ya Popo, South C. Kipimo cha kimataifa hujaza chombo asidi ya siki ya asilimia 4 kwa saa 24 kwenye digrii 22, kisha hupima kilichoyeyukia humo. Maziwa lala na maji ya ndimu hufanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi, lakini kila wiki.

Uamuzi ulikuwa wa papo hapo: hakuna skonzi, hakuna unga wa kuchacha, hakuna kitu chenye asidi kinachokaa ndani ya bakuli hilo. Wazo la kupeleka maabara liliachwa, kwa kuwa ada haikuwa na maana kwa chombo ambacho tayari kilikuwa na nyufa.

## Kujaribu kuliokoa

Mwokaji alitaka abaki nalo, na hili linastahili kuelezwa kwa sababu wengi hujaribu.

Kuloweka kwenye maji ya magadi siku mbili kulipunguza harufu ya juu tu. Kisha, kabla hajashauriwa, aliloweka kwenye klorini ya kufulia. Mistari ya kahawia ilipotea na bakuli likaonekana jipya. Wiki mbili baadaye unga mweupe ulijitokeza kwenye kitako, na karibu na mdomo kipande cha glezi cha ukubwa wa punje ya mchele kikabanduka. Chumvi za klorini huingia kwenye vinyweleo pamoja na maji, maji yakikauka zikaganda kuwa fuwele, na fuwele zikaisukuma glezi kutoka nyuma. Kizuri hakikosi ila, lakini ila hii ililetwa na dawa.

Mwisho lilikaushwa juani siku nne, likatiwa kwenye oveni baridi, likapandishwa hadi digrii 60 kwa saa mbili, halafu 110 kwa saa moja. Siku za kukausha si za kurukwa: udongo uliojaa maji ukipashwa ghafla hutengeneza mvuke ndani ya ukuta na kupasuka. Kwenye digrii 110 matone ya kahawia yalichuruzika kutoka kwenye nyufa, na jiko zima likanuka siagi iliyochacha. Matone yalifutwa mara tatu, na hayakwisha.

## Matokeo

Bakuli la maua sasa liko sebuleni, lina ndizi na maembe yenye maganda. Ute wa mayai hupigwa kwenye chuma. Tangu jaribio lile hakuna sponji iliyolala kwa sababu ya povu, na ile kirimu ya tata haitumiki tena ila kwa mapambo meupe.

Mfinyanzi alibadilisha mpango: uchomaji wa kwanza digrii 1,120, joto ambalo udongo wake unalistahimili bila kulegea na kupinda, wa pili 1,060, silika ya unga (mchanga mweupe uliosagwa laini) ikiongezwa gramu 5 kwa kila gramu 100 za glezi ili isinywee sana. Glezi ananunua ile yenye karatasi ya viambato. Urembo umehamia nje. Hilo si jambo geni: yale mabakuli ya kuchanganyia ya Kiingereza ya rangi ya manjano-kahawia, yanayohusishwa na Church Gresley kule Derbyshire, yana nakshi nje tu, inayosaidia mkono kushika bakuli likiinamishwa, na ndani ni meupe tupu. Kitako nacho sasa kinapakwa glezi. Tanurini bakuli hukaa juu ya vitegemeo vyenye ncha tatu, na makovu madogo husawazishwa kwa msasa. Kati ya mabakuli sita ya kwanza ya mpango huu, moja lilipata ufa kwenye kipimo cha digrii 140. Liliuzwa kama chombo cha maua.

## Uchambuzi

Kosa la msingi la mwokaji halikuwa maji ya moto. Lilikuwa kuchukulia bakuli kuwa kitu kisichobadilika, wakati mayai, mashine na mikono vyote vilishukiwa. Chombo kilichofanya kazi vizuri miezi minne hakikupata kuulizwa swali. Ni vigumu kumlaumu: mfinyanzi hakumwambia kwamba kitako kinakunywa maji, na yeye hakuwa na sababu ya kuuliza.

Kilichofanya kazi ni mafungu matatu ya ute. Yaligharimu mayai 12 na nusu saa. Mashine mpya iligharimu mara nyingi zaidi na haikujibu chochote. Kupima uzito kabla na baada ya kulowesha kulifanya kazi vilevile, na kulifaa zaidi kwa mfinyanzi, kwa kuwa gramu 232 haziwezi kubishaniwa kama harufu inavyobishaniwa.

Wazo la kupasha bakuli wakati wa baridi halikupaswa kutupwa pamoja na maji ya birika. Lifanyike hivi: bakuli liwe juu ya ubao au taulo iliyokunjwa, si saruji. Maji yawe ya digrii 40 hadi 45, joto ambalo mkono unalivumilia bila kuutoa. Yakae dakika kumi, yamwagwe, bakuli lifutwe likauke. Donge litabaki na joto lake bila glezi kushtuliwa.

Kuhusu kuosha, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, sponji laini, kisha kusimamishwa kwa ubavu likauke pande zote mbili. Kulifunika kifudifudi juu ya meza likiwa bichi hufungia unyevu ndani. Mdomo ukaguliwe kwa kupitisha soksi ya nailoni kuuzunguka: ikinasa, kuna kipande kimebanduka au kinakaribia, na kipande hicho ni kioo ndani ya keki ya mtoto wa mtu. Hapo hakuna gundi wala subira.

Jambo moja halikutatuliwa. Haiwezekani kusema sasa ni kiasi gani cha nyufa kililetwa na tanuri na kiasi gani kililetwa na birika. Lile bakuli dada la rafuni linaonyesha kwamba nyufa zingekuja, halionyeshi lini.

Mwokaji alichukua moja la mabakuli matano yaliyopita kipimo. Kabla ya kulitia siagi alilipima kavu: gramu 2,480. Baada ya kulala majini usiku mmoja: 2,492. Namba hizo mbili zimeandikwa kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati, na kipimo kinarudiwa kila miezi mitatu. Siku maji yatakayoingia yatazidi gramu 25, linaenda sebuleni kukaa na mwenzake.